Ngozi ya Pini

Umepanga juu ya meza yangu, Bwana Rweyongeza,
nyaya nne ndani ya vijaluba vya mahameli,
kama mposaji aliyetanguliza mahari kabla ya barua.
Hii dhahabu, umesema, hii fedha,
hii nikeli, na hii ya mwisho rodiamu,
ukalitamka taratibu, kama jina la mkwe.
Unataka nikwambie ipi inaimba.

Mimi fundi wa Mtaa wa Sikukuu,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge.
Nimelehemu mpaka vidole vimepoteza alama;
kwenye kitambulisho cha taifa mashine ilinikataa mara tano,
karani akaniuliza kama nina hakika ni mimi.

Dhahabu ina joto, umesema, besi yake imenenepa.
Fedha inachonga sauti za juu hadi zinachoma.
Nikeli kavu, mkate wa juzi.
Sikubisha. Nilizima taa tu,
nikamwambia Chausiku, mwanafunzi wangu,
abadilishe nyaya nyuma ya pazia na asiseme neno.
Ukafumba macho. Ukatikisa kichwa.
“Dhahabu hiyo! Dhahabu haijifichi!”
Chausiku akakohoa.
Ilikuwa nikeli.
Na mara ya pili nikeli,
na mara ya tatu, uliposema sasa fedha imeingia,
hakuwa amebadilisha kitu, alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu.

Usikunje uso. Hata mimi nimewahi kusikia
kitu ambacho macho yalikuwa yameshakila.

Ila kwa kuwa umekuja na foleni yote ile kutoka Mbezi,
sikiliza: dhahabu haijakudanganya,
sisi ndio tumeisingizia.
Haijui kuimba. Inajua kutooza.
Mji huu unakula vyuma, bwana.
Chumvi inavuka kutoka Kigamboni usiku bila nauli,
inapenya nondo za dirisha,
inalamba kila kilicho uchi.
Fedha inageuka masizi ya sufuria ya mama ntilie,
shaba inaota ukungu wa kijani,
nikeli inavaa utaji usiouona,
na dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nyembamba kuliko hilo mara mia,
inakaa kama ulivyoiacha. Basi.
Na hata hiyo, ukiichomoa na kuichomeka
kila wageni wakija, itakwanguka.

Nina kaseti moja.
Mama anamtuma mdogo wangu dukani,
siku tuliyobonyeza kitufe kwa bahati mbaya:
“Chumvi ya hamsini, na usipitie kwa akina Mwinshehe.”
Jogoo, mlango, kisha utepe unakwisha.
Mwaka jana alinyamaza upande wa kushoto.
Nikalaumu utepe, nikalaumu spika,
nikafungua amplifaya, nikaitandaza sakafuni mpaka saa nane usiku
kama mtu anayechambua mchele gizani.
Ilikuwa plagi. Ya bati, ya shilingi mia tano,
na kidoa cha kijani kisichofika punje ya choroko.
Nikaazima raba ya penseli kwa mtoto wa jirani asubuhi,
nikasugua, nikapuliza,
nikachomeka.

Chumvi ya hamsini.
Pande zote mbili za chumba.

Kwa hiyo kunja nyaya zako, usizitupe,
ni nzuri, zimefumwa na mtu mwenye subira.
Raba nakukatia nusu, hiyo haina bei.
Spiriti, kitambaa cha pamba, kila mwezi mmoja,
kila wiki mbili kama dirisha lako linatazama bahari.

Ila hii ya rodiamu niachie mpaka Jumamosi.
Sijawahi kuishika.
Nataka niisikilize peke yangu,
Chausiku akishaondoka,
taa zikiwaka.